Jicho Moja la Grasiana

Manundu nzima, pale mjini Korogwe, ilikuwa na mwanamke mmoja ambaye vijana wa bodaboda walipokaribia kibaraza chake walipunguza muziki bila kuambiwa, naye ni Grasiana. Hakuwa mkali wa matusi, la hasha. Alikuwa mkali wa kutazama. Wasichana wenye visketi vya kubana walizunguka nyuma ya mashine ya kusaga ili wasipite mbele yake. Asubuhi alipika vitumbua, jioni alisali rozari, na katikati ya hayo mawili aliwasema watu. Aliwasema kwa mapenzi, lakini kusemwa ni kusemwa.

Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge akasahau kurudi Tabora. Mume wake alikuwa Msambaa wa Dindira, mtu mpole sana, ambaye alipofariki alimwachia kitanda, cherehani mbovu na shemeji. Kitanda kilikuwa kizuri.

Shemeji mwenyewe aliitwa Valerian, mkulima wa chai, na kichwani mwake mlikuwa na wazo moja lililojenga humo na kuezeka kabisa: mjane hakai mjini peke yake. Arudi mlimani, akae nyumba ya ukoo, achume chai na wenzake, alale watu wanapolala. Grasiana kila aliposikia hayo ya "alale watu wanapolala" aliiona baridi ya Dindira ikimpanda kutoka vidoleni. Alikipenda chumba chake cha kupanga pale Manundu. Kilikuwa na mlango mmoja na kufuli moja, na ufunguo aliuweka ndani ya sidiria, mahali ambapo hakuna shemeji mwenye adabu angeutafuta. Kunyang'anywa ufunguo ule kulimtisha kuliko malaria.

Ukoo ulikaa, ukabishana, ukala ubwabwa, ukaafikiana hivi: Grasiana akipata kazi ya kueleweka, yenye mwajiri na sare, abaki. Vitumbua, alisema Valerian huku akitafuna cha tatu, si kazi, ni kiamsha kinywa. Asipopata, basi lori linaloteremsha chai litapanda mlima na kitanda chake.

Kazi ilikuwepo. Hosteli moja ya wasichana pale pale Manundu ilikuwa ikitafuta mlinzi wa kike wa getini, na matroni alipotajiwa jina la Grasiana alicheka kwa furaha, maana wavulana wangeliogopa lile geti hata likiachwa wazi. Sharti lilikuwa moja: mlinzi awe amehitimu mgambo. Na mgambo hahitimu kwa kukimbia tu, wala kwa kupiga saluti. Lazima upige shabaha, risasi ya kweli, na lazima zipate.

Ndivyo Grasiana, mama wa rozari, alivyojiandikisha kuwa kuruta.

Wanaume na wanawake walichanganywa pamoja, vijana wengi na watu wazima wachache. Miongoni mwa vijana alikuwemo Evodia, msusi wa nywele, binti mchangamfu aliyekuwa jirani yake Grasiana na aliyesemwa naye mara nyingi kuliko mtu yeyote. Miongoni mwa watu wazima alikuwemo Muhsin mwenye bucha, mgane mnene mwenye haya, aliyejiunga kwa sababu alikuwa amechoka kuibiwa mbuzi. Kila mmoja alijichongea bunduki ya mti ya mazoezi. Ya Muhsin ilikuwa mguu wa meza ya bucha, na nzi waliifuata popote alipokwenda.

Mkufunzi wao alikuwa Afande Sabiri, Mzigua wa Mazingara, mtu mfupi mwenye sauti iliyorefuka badala yake. Siku ya kwanza tu alipogundua kwamba Grasiana ni Mnyamwezi wa asili, uso ulimchanua. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani humtania hata mbele ya jeneza.

"Kumbe nimeletewa mtani!" akasema. "Mnyamwezi, leo utanibebea mizigo mpaka Pangani."

"Nitakubeba wewe mwenyewe, Afande," Grasiana akamjibu. "Mizigo ya Wazigua huwa midogo."

Kuruta wakacheka, na wote wakaruka kichura kwa ajili ya jibu lile.

Katika mambo mengine Grasiana alifanya vizuri kupita kiasi. Kwenye kwata alikuwa wima, tena aliwarekebisha wenzake, na mara moja alimrekebisha Afande. Kwenye mchakamchaka alikataa zile nyimbo za kijeshi zenye maneno machafu, akaanzisha za kwake, hivyo kikosi kizima kikazunguka mji wa Korogwe alfajiri kikikimbia kwa wimbo wa Kwaresima. Watu walitoka milangoni wakidhani ni msiba. Afande alilalamika kwamba mwendo umepungua, lakini na yeye alishaanza kuitikia kibwagizo.

Shida ilianza siku ya kulenga.

"Lala kifudifudi!" Afande aliamuru. "Kitako begani! Fumba jicho la kushoto! La kulia lilenge!"

Kuruta wote wakafumba. Grasiana naye akafumba. Yote mawili.

"Mtani," Afande akasema taratibu, "umelala usingizi?"

"Hapana, Afande. Nalenga."

"Unalenga nini, ndoto?"

Akajaribu tena. Jicho la kushoto lilipokwenda, la kulia lilifuata. Watu husema macho hayana pazia. Ya Grasiana yalikuwa nalo, tena moja pana, lililoshonwa kutoka jicho hili mpaka lile, ukivuta upande mmoja na wa pili unakuja.

Na ukikaa ukafikiri, hutashangaa. Wengi wetu kufumba jicho moja tulijifunzia wapi? Kwenye kukonyezana. Mtoto wa watu anaanzia kwenye foleni ya bomba, anaendelea kwenye ngoma, akifika umri wa kuoa jicho limeshalainika. Grasiana hakuwahi kumkonyeza binadamu. Hata marehemu mume wake alimposa kwa kupitia mshenga, na Grasiana akaitikia akiwa anautazama mkeka. Heshima yake yote hii, iliyomjengea jina Manundu, ndiyo iliyokuja kumwangusha kwenye nyasi za uwanja wa mgambo.

Siku ya pili alikuja na kitambaa, akajifunga jicho la kushoto. Afande akakivua.

"Adui atakungoja ujifunge kilemba? Babu zako walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka pwani, macho yote mawili wazi, wewe unashindwa kufumba moja?"

"Walikuwa wanayafungua ili wawaone Wazigua mlipojificha," alisema Grasiana. Lakini sauti haikuwa na nguvu, na Afande akaona kwamba mtani wake anakaribia kulia. Akaacha utani.

"Sikiliza, mama," akasema. "Nakutaka uhitimu. Lakini asiyefumba jicho simpi risasi. Nenda kajifunze, kwa yeyote anayejua."

Na nani alijua? Evodia alijua. Evodia alikuwa na jicho ambalo lingeweza kusimamisha basi la Arusha. Grasiana, ambaye juzi tu alimwambia binti huyu kwamba macho yake yatampeleka motoni, alikwenda mwenyewe saluni, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mwanangu, nifundishe kukonyeza."

Evodia alidondosha kitana.

"Mwe! Mama Grasiana, umeanguka?"

"Sijaanguka. Ni la jeshi."

Basi wakakaa uso kwa uso, magoti yakigusana, msusi na mama wa rozari. "Nifuate mimi," Evodia akasema. "Hili hapa. Lifanye liwe zito, kama limeingiwa na moshi." Akalifumba la kushoto, taratibu, kwa ufundi. Grasiana akamfuata. Mdomo ulikwenda upande, pua ikakunjamana, sikio likatikisika, lakini macho yakafumba yote. Wakaanza upya. Wateja wawili wenye nywele nusu walisubiri, wakachoka, wakaanza kutoa ushauri. Jua lilipokuwa linashuka, kwa namna gani Mungu ndiye ajuaye, jicho moja la Grasiana lilifumba na la pili likabaki wazi, limeshangaa kuachwa peke yake.

Saluni nzima ikapiga vigelegele.

Kesho yake uwanjani alilala, akaweka kitako begani, akafumba. Afande Sabiri, aliyekuwa amesimama mbele yake, alipoliona jicho moja limefumba aliinua mikono juu akasema alhamdulillahi. Hakuuliza ni lipi. Mtu aliyemsubiri mgeni tangu asubuhi hamuulizi amepita mlango gani.

"Sasa fanya mazoezi kila mahali," akamwambia. "Jicho ni kama punda, ukilipumzisha linasahau kazi."

Hapo ndipo Manundu ilipopata matatizo.

Grasiana alikuwa mtu wa kutii. Akiambiwa kila mahali, ni kila mahali. Alimkonyeza muuza nyanya. Alimkonyeza mzee wa mizani, na mzee wa mizani, ambaye alikuwa na wajukuu wengi, akapima kilo moja mara tatu. Alimkonyeza fundi baiskeli aliyemsalimia "Shikamoo, mama," na fundi akairudisha shikamoo yake mfukoni akiwa hajui kama bado inafaa. Akikonyeza alikaza uso mzima, maana kwake ilikuwa kazi, na uso uliokazwa ndio uliowatisha watu zaidi. Ingekuwa tabasamu wangesema anatania.

Akafika buchani kwa Muhsin. Siku zote alinunua mifupa ya supu, na Muhsin siku zote alimpa mifupa. Siku ile Muhsin alikuwa ameinua shoka, Grasiana akasimama mbele ya kaunta, akamlenga katikati ya paji la uso, akafumba jicho. Shoka likateremka likaukosa mfupa na kukwama kwenye gogo.

Muhsin hakuwahi kukonyezwa tangu mke wake alipofariki, na kusema kweli hata kabla ya hapo haikuwa mara nyingi. Alifuta mikono, akakata nyama ya paja, laini, isiyo na hata kipande cha mfupa, akaifunga kwenye gazeti.

"Nimesema mifupa," Grasiana akasema.

"Mifupa wape mbwa," Muhsin akasema, akitazama sakafu.

"Muhsin, mimi sina haja ya..."

"Imeshatoka kwenye ndoano, hairudi."

Siku iliyofuata alikuja kwenye kwata amejipaka manukato, hata Afande akauliza ni nani amevunjia chupa kikosini. Grasiana alielewa, na uso ukamwaka moto. Alitaka kumweleza. Lakini utamweleza vipi mtu kwamba lile jicho halikuwa lake, lilikuwa la serikali?

Lisemwalo lipo, na lisipokuwepo Manundu italitengeneza. Wiki haikuisha, jumuiya yake ya kanisani ikaja kusali rozari chumbani kwake, na baada ya sala hakuna aliyeondoka. Mwenyekiti wao, Yasinta, mwanamke mnene mwenye huruma nyingi na masikio marefu, alikohoa.

"Mama Grasiana. Kuna neno huko nje."

"Nalijua. Ni shabaha."

Yasinta akawageukia wenzake, kisha akauliza kwa upole, "Shabaha yako ni nani?"

"Si mtu! Ni kibao cha mbao!"

"Mbona tumeambiwa ni mwenye bucha?"

Grasiana akaeleza yote, toka mwanzo: geti, ufunguo, pazia la macho, Evodia. Hawakuamini. Yasinta akasema kufumba jicho moja ni kitu ambacho kila mtu anaweza, hakuna haja ya kukizungusha sokoni. "Angalia," akasema, akafumba. Yote mawili. Akajaribu tena, akavuta mdomo mpaka karibu na sikio. Yote mawili.

"Ehe!" Grasiana akasema.

Basi kikawa kivumbi. Kina mama wa jumuiya wote, rozari mikononi, wakaanza kujaribu. Huyu alilishika kope kwa vidole. Yule alilifumba likagoma kufunguka, ikabidi apuliziwe. Bibi mmoja mzee kuliko wote alikonyeza mara ya kwanza tu, safi kabisa, na alipoulizwa amejifunzia wapi alikataa kusema. Walicheka mpaka vitenge vikalegea. Nje kulikuwa na mtu anabisha hodi, hodi tena, hodi ya tatu, na hakuna aliyesikia. Mlango ukasukumwa.

Alikuwa Valerian, na gunia la viazi begani. Nyuso zote zikamgeukia kwa pamoja, na kila uso ukiwa umefumba jicho moja.

Gunia likaanguka. Viazi vikatawanyika mpaka uvunguni.

"Yesu na Maria," Valerian akasema.

"Shemeji, karibu, ni mazoezi ya..."

"Usinieleze!" Akarudi kinyumenyume mpaka kizingitini. "Dereva wa lori amefika Dindira na habari, nikasema ni mwongo, ngoja nishuke nikamuulize mwenyewe. Sasa sina swali. Mji mzima umeoza!" Akavuta pumzi. "Siku yenu ya kupiga shabaha naijua. Kesho yake nakuja na lori. Ukikosa, unapanda."

"Na nikipata?"

Valerian akawatazama wale kina mama. Bibi mzee akamkonyeza. Akaondoka.

Kucheka kukaisha. Wenzake wakamwokotea viazi, na Yasinta akamshika mkono. Grasiana aliuona ufunguo wake ukitundikwa kwenye msumari nyumbani kwa shemeji, kando ya kofia. Akasema kwa sauti, "Naogopa." Walikuwa hawajawahi kumsikia akisema hivyo.

Siku ya shabaha walipakiwa kwenye lori, wakavuka kwenda upande wa Handeni, wakaipita Mazingara na mashamba yake ya mahindi, mpaka nyuma ya kilima kisicho na mtu. Bendera nyekundu zilisimikwa ili wachunga ng'ombe wasikatize. Vibao vya shabaha vilipangwa mstari mmoja mbele ya kilima, kila kimoja na duara jeusi katikati, vyote vinafanana kama mapacha. Bunduki zilikuwa za kweli sasa, nzito, zinanuka mafuta. Kila kuruta alipewa risasi tano, na aliyepata tatu ndani ya duara alikuwa amehitimu.

Evodia alipiga kwa zamu ya kwanza, akapata zote, akapuliza vidole. Kisha ikaitwa zamu ya pili, na Grasiana akajikuta amelala ubavuni mwa Muhsin, yeye kulia, Muhsin kushoto. Mtu huyu aliyechinja ng'ombe tangu ujana alikuwa anaogopa mlio.

"Bismillahi," Muhsin akanong'ona.

"Kwa jina la Baba," Grasiana naye akanong'ona.

Akaweka kitako bega la kulia. Akafumba jicho, lile lile alilofundishwa. Kichwa kikajipinda chenyewe juu ya kitako kutafuta mahali pa kuonea, shingo ikamuuma, lakini duara jeusi akaliona, limetulia, linamngoja. Hakumfikiria adui yeyote. Alilifikiria tundu la kufuli. Akapiga, akapiga, mpaka risasi zikaisha, na masikio yakabaki yanalia.

Walipotembea kwenda kwenye vibao, kibao cha Muhsin kilikuwa na matundu matano katikati ya duara, yamekaribiana kiasi kwamba ungeyafunika kwa kitumbua. Kibao cha Grasiana kilikuwa safi. Kilikuwa safi kabisa, hata nzi hakuwa ametua.

Kikosi kikalipuka. Wakamwinua Muhsin juu, kwa shida, wakamwita Bingwa. Afande Sabiri akampigia saluti. Vijana walishaanza kumtungia wimbo. Grasiana akaenda kukaa juu ya jiwe, akaingiza mkono kifuani, akaushika ufunguo, akaanza kulia bila sauti. Alijua amekosa, na alijua lori limeshawekwa mafuta.

Huko juu mabegani mwa watu, Muhsin aliacha kutabasamu. Hebu fikiria: mwenye bucha, kesho angeandika juu ya mlango wake kwa rangi nyekundu, Bingwa wa Shabaha, na hakuna mwizi angegusa mbuzi wake tena mpaka kiama. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Akamtazama yule mwanamke juu ya jiwe.

"Nishusheni," akasema.

"Bingwa!"

"Nishusheni! Wallahi zile si zangu." Wakamshusha. Akasimama mbele ya kikosi kizima, jasho linamtiririka na manukato yake yote, akasema, "Afande, mimi nilifumba macho yote mawili. Toka risasi ya kwanza. Sikuona kibao, sikuona kilima, sikuona kitu. Kama zangu zimepiga mahali, basi ni mbinguni."

Kisha watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na Muhsin akaachwa asimame pale achekwe. Hakujitetea.

Afande hakucheka. Alikitazama kibao, akamtazama Grasiana, akamwita.

"Mtani, njoo. Lala kama ulivyolala." Safari hii hakusimama mbele yake. Alichutama ubavuni. "Fumba."

Grasiana akafumba.

"Mwe!" Afande akaruka. "Hilo ni la kulia! Umefumba jicho linalolenga! Evodia!"

"Mimi nilifumba la kushoto, Afande!" Evodia akajitetea. "Nikamwambia anifuate!"

"Na alikaa wapi?"

"Mbele yangu, tunatazamana." Akainua mkono wake wa kushoto, akautazama, akautazama wa kulia wa Grasiana. "Aa," akasema.

Afande akajipiga paji la uso, maana na yeye alikuwa amesimama mbele akasema alhamdulillahi. Mnyamwezi huyu, akawaeleza kuruta, amelaza shingo juu ya bunduki, akalengea jicho lisilo lake, akatazama upande, akapiga kibao cha jirani, na akapata zote. "Angejifunza vizuri tungemuuza nje!"

Akamgeukia. "Waliokosa wana nafasi ya pili. Lipi ni rahisi zaidi, kubadili jicho au kubadili bega?"

Grasiana alijaribu kufumba la kushoto. Pazia lote likashuka. Basi akahamisha bunduki bega la kushoto, akalala upya. Maganda ya moto ya risasi yalipita mbele ya pua yake, hakusogea. Kabla hajapiga, alihesabu vibao kwa kidole, kwa sauti, ili pasiwe na ugomvi.

Akapata nne. Ya tano ilikata ukingo wa kibao, na Afande akasema hiyo ni ya utani.

Muhsin naye alipewa nafasi ya pili, akafumba yote mawili tena. Afande akamwomba arudi mwakani.

Kesho yake lori la chai lilikuja, likasimama mbele ya chumba, na Valerian akashuka amevaa sura ya msiba. Alimkuta Grasiana kibarazani, cheti kimebandikwa ukutani juu ya jiko. Akakisoma mara mbili. Akala vitumbua. Lori likapanda Dindira na godoro la mtu mwingine.

Siku hizi Grasiana yuko getini, sare imepigwa pasi. Matroni anasema wavulana hata barabara ile wameihama. Watu wa Manundu wanasema mengi kuhusu yeye na mwenye bucha. Mimi sikuwepo, sisemi, ila najua mambo mawili: mama yule hanunui tena mifupa, na Muhsin ameanza kujifunza kupika vitumbua.

Mwaka huu binti ya Valerian, Asnath, amepata nafasi kwenye hosteli ile ile. Jumatano moja baba mtu akashuka toka mlimani na kikapu cha maparachichi, akalivaa geti kama kwake.

"Simama hapo! Nani wewe?"

"Shemeji, ni mimi!"

"Nakuona. Wageni ni Jumapili."

"Nimetoka Dindira, miguu imevimba!" Akatazama huku na huku, akashusha sauti. Hakuna aliyewahi kumsikia Valerian akiomba. "Shemeji, mimi na wewe ni ndugu. Nifumbie macho leo tu, nipite."

Grasiana akamvutia kigoda akae kivulini, akampa maji, akakipokea kikapu kwa mikono miwili ili amfikishie mtoto. Kisha akarudi mahali pake, akasimama wima.

"Zamani ningeweza, shemeji," akasema. "Zamani nilikuwa nafumba yote mawili. Siku hizi naweza moja tu."

Akalifumba, amwonyeshe. Lile lingine likabaki wazi linamtazama, na Valerian akanywa maji yake, akashukuru, akarudi Jumapili.